Mama wa Mwenyekiti

Majina ya watu siyaandiki hapa, mtanisamehe. Mkimaliza kusoma mtaelewa kwa nini kwetu Kolwezi jina la mtu si kitu cha kuokota njiani na kuchezea.

Miaka ile miye nilishika ufunguo wa Chumba cha Jamaa. Kilikuwa nyuma ya kanisa, chumba kimoja kirefu chenye meza mbili, kabati la kaseti, na mashine ya kusomea filamu za vitabu vya ubatizo, iliyokuja ndani ya sanduku kubwa kuliko kitanda changu. Kazi ya chumba kile ilikuwa kuwasaidia watu wajue walikotoka: nani alimzaa nani, alibatizwa wapi, alikuja mgodini kutoka kijiji gani. Sikupewa kazi ile kwa sababu ya akili, tusidanganyane. Shule niliyofundisha ilikuwa imeacha kulipa walimu, na mchungaji akasema anatafuta mtu mwenye sauti. Sauti ninayo. Nikiita watoto wangu waje kula, hata watu wa mgodi wa Mutoshi, nje ya mji, wanageuka.

Mkubwa wangu alikuwa mzee mmoja aliyestaafu ukarani kwenye ofisi za mgodi. Nitamwita Tata Karani, yaani Baba Karani. Alivaa tai kila siku, hata siku ya kufagia, na aliamini kwamba dunia iliharibika siku watu walipoacha kupiga mistari kwa rula. Tuligombana kila asubuhi kabla ya chai, na chai yenyewe tuliinywa kwa amani.

Mwanzoni hakuna aliyekuja, isipokuwa mvua ikinyesha. Wengine waliuliza kama ile mashine inaonyesha mpira. Filamu zilikuwa zimetoka mbali sana, na huko zilikofungwa mtu alichanganya masanduku, basi sanduku lililoandikwa jina la misheni yetu likawa na ubatizo wa watu wa nchi moja ya baridi, majina hayatamkiki. Mfanyabiashara mmoja Mwislamu, mtu wa Maniema mwenye lori, aliingia kwa heshima tu akatazama filamu ile tangu asubuhi mpaka sala ya adhuhuri. Akavua miwani, akasema, "Hawa si watu wetu, Mama, lakini walizaa kweli." Akatuachia sukari, akaenda zake.

Kaseti nazo tulikuwa nazo za kurekodi wazee. Kaseti ya kwanza ilipangwa ibebe wazee watatu. Mzee wa kwanza alianza kwa kusalimu ukoo wake wote, waliokufa na walio hai, halafu akaingia kwenye habari ya baiskeli yake ya ujana, na alipofika mahali baiskeli inaibiwa kaseti ikakwisha. Mpaka leo sijui mwizi ni nani. Siku ya watoto tuliwaambia wachore jamaa zao. Mmoja akachora lori la mgodini, kubwa, linajaza karatasi yote. Nikamwuliza baba yuko wapi. "Iko ndani," akasema, akanitazama kama mtu asiyejua kitu.

Mpango uliopendwa kweli ulikuwa Jumamosi ya Kutaja. Mtu anasimama mbele ya wote anataja jamaa yake, upande wa baba na upande wa mama, na Tata Karani anaandika kwa chaki kwenye ukuta mzima tulioupaka rangi nyeusi. Alitaka kuufuta kila juma ili waje wengine. Wamama walimkatalia. Utafutaje jina la mtu aliye hai? Unamtakia nini? Siku ya kwanza aliposhika kitambaa chenye maji, mama mmoja alilia kabisa. Basi ukuta haukufutwa, na majina yakaanza kupanda kuelekea dari.

Sasa niwaeleze jirani zangu, kwa sababu habari yote iko kwao.

Upande mmoja wa nyumba yangu alikaa fundi mkuu wa karakana ya malori, yale malori ya mgodi ambayo gurudumu lake moja linamzidi mtu kimo. Tata Fundi mwenyewe alikuwa mnene, mwenye kicheko cha kutikisa mabati. Upande wa pili walikaa mume na mke kutoka Kasai, mkoa wa jirani. Nasema kutoka Kasai, lakini waliotoka huko ni babu zao. Wao wenyewe walizaliwa papa hapa, kwenye nyumba za kampuni. Mume alikuwa fundi cherehani. Mke alikaanga vitumbua, na mwenzake wa kazi alikuwa mama mzazi wa Tata Fundi, kikongwe asiye na meno ya mbele, mkali, mwenye kupenda firigisi ya kuku. Wanawake wawili hao walitumia mbabula moja, jiko moja la makaa, na kugombana kwao kuhusu mafuta ndiko kulikotuamsha sisi wote asubuhi.

Kikongwe alikufa. Mwenzake wa vitumbua alikuwa na mimba, na alipojifungua mtoto wa kike hakuuliza mtu. Akampa jina la kikongwe.

Kwetu hilo si kumkumbuka marehemu tu. Mwenye jina amerudi. Watoto wa marehemu wanamwita mama, wanamsalimu kwa kupiga makofi, wanamletea nguo. Wala si mchezo, ingawa tunacheka sana tukifanya hivyo. Tata Fundi alikuja siku ile ile ya kuzaliwa, akapiga goti na mwili wake wote ule, akaita kale kachanga, "Mama, ulirudia." Kachanga kakamkojolea mkono. Alifurahi mno, eti hiyo ni baraka.

Basi mtoto akakua akijua kwamba ana mwana mtu mzima mwenye tumbo. Mtaa wote tulimwita Mama wa Fundi. Kila kuku aliyechinjwa kwa Tata Fundi, firigisi haikuliwa pale. Iliwekwa kwenye sahani ya kufunikwa na kuvushwa nyumba yangu kwenda kwa mama yake. Mke wa Tata Fundi alilalamika miaka yote, lakini na yeye alijua kumtumia. Mume akirudi amelewa lutuku, alikwenda moja kwa moja kushtaki kwa mkwe. Tulimwona yule mtoto anakuja, kamasi inatoka, kidole mdomoni, anasimama mbele ya lile jitu.

"Ulikunywa tena?"

"Nisamehe, mama."

"Lala."

Na jitu linakwenda kulala! Miye nilikuwa na mume wa kanisani, ameoa kwa pete, na hakuwahi kunitii hata robo ya hapo.

Jumamosi moja Tata Fundi akaja kutaja jamaa yake. Alivaa suti, amembeba mtoto mabegani. Upande wa baba ulikwenda vizuri, ukoo wa kaskazini ya Katanga, mkoa wetu, mpaka babu wa babu. Tata Karani anaandika, rula mkononi, ameridhika.

"Upande wa mama," akasema.

Tata Fundi akamsimamisha mtoto juu ya meza. "Mama yangu njo uyu." Ndiye huyu, yaani.

Tata Karani akainua miwani. "Tata Fundi, nauliza mama mwenye alikuzaa."

"Nasikia. Njo uyu."

"Uyu hata meno ya mbele hana!"

"Hata mbele ya kufa hakuwa nayo."

Watu walicheka, benchi likaanguka. Tata Karani hakucheka. Alieleza, kwa kidole hewani, kwamba mama anatangulia na mtoto anafuata, ndivyo Mungu alivyopanga, na chaki yake haiwezi kurudi kinyume. Mama mmoja wa nyuma akamjibu kwamba Mungu huyo huyo ndiye aliyemrudisha, sasa Tata Karani anamkatalia kama nani? Chumba kizima kikawa dhidi yake. Mwisho, kwa hasira, akamgeukia mtoto.

"Na weye, uyu tata ni nani yako?"

"Ni mutoto yangu wa kwanza," akasema. "Ni musumbufu."

Basi Tata Karani akaandika. Akapiga mstari kutoka kwa Tata Fundi kwenda juu, kwa mama. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa kweli hata akikasirika, akapiga mstari mwingine kutoka kwa mama kwenda kwa wazazi wake, fundi cherehani na mke wake, watu wa Kasai, ambao kwa umri walikuwa wadogo wa Tata Fundi. Mstari ukapanda, ukapinda, ukarudi. Pembeni akaweka alama ya kuuliza, kubwa, ili watakaosoma baadaye wasifikiri alikuwa amelewa.

Halafu mgodi ukaanza kufa. Malori yalisimama juu ya magogo, moja baada ya jingine, yakingoja vipuri. Mshahara ulikuja kwa magunia ya unga, baadaye nusu gunia, baadaye maneno. Maji ya Nzilo yalikuwa pale pale kwenye bwawa la umeme, lakini waya zilikatwa na wezi zikawa sufuria, na mashine yetu ya filamu ikawa mahali pa kuwekea kofia. Tata Fundi aliendelea kwenda karakana. Hakuna lori, hakuna mshahara, yeye anakwenda, anapangusa spana, anazirudisha mahali pake. Kile kicheko kikapotea. Ndipo wakubwa wa siasa walipopata maneno ya kuwapa watu badala ya unga: ninyi mnalala njaa kwa sababu wa Kasai wamekalia viti vyenu. Warudi kwao.

Kwao ni wapi? Fundi cherehani alikuwa hajawahi kuiona Kasai hata kwenye picha. Lakini neno likishaingia mjini halimwulizi mtu maswali. Watu tuliosali nao tukaanza kusikia wanaitwa wadudu. Magodoro yakaanza kutupwa njiani.

Chumba cha Jamaa, ambacho tulikipigia debe miaka yote bila mtu, sasa kikajaa kabla hatujafungua. Kila mtu alitaka babu! Mmoja alisimama mbele ya meza kama yuko sokoni: "Mama Mwalimu, unipatie nkambo moya wa huku, hata mwanamuke, sichague." Mwingine alikuja kuuliza kama anaweza kubadilisha. Jumatatu mtu alikuwa wa Kasai, Ijumaa amekuwa Mulunda kamili, mtu wa papa hapa, anatusalimu kwa Kilunda cha kujifunza njiani, na Walunda wenyewe wanajikaza wasicheke.

Kwenye ngazi yetu akakaa mzee mmoja wa kaskazini, mrefu, ndevu nyeupe nzuri kabisa, akajikodisha. Ukimletea samaki mkavu na unga kidogo, anakwenda nawe kwenye kamati ya mtaa wako, zile zilizoanza kuundwa mjini kuwasaka wa Kasai, anasema, huyu ni mjukuu wangu, nilimbeba miye. Alifanya kazi nzuri mpaka siku jamaa mbili zilipokutana mlangoni kwa kamati, moja ya Wasanga, nyingine ya Walunda, zote mbili zikisema babu yao ndiye yule. Vijana wa kamati wakamgeukia. Mzee akapangusa ndevu. "Nilioa sana," akasema. Wakamwacha.

Tata Karani alikasirika mpaka tai ikapinda. Aliwafukuza kwa rula. "Nkambo haikopeshwe!" alipiga kelele. "Mutu anazaliwa pale alizaliwa!" Miye nilingoja ageuke, nikawaingiza kwa mlango wa nyuma. Tulitukanana juu ya hilo, na sikujuta. Mtu amesimama mbele yako na watoto, godoro lake liko njiani linanyeshewa, utamwambia nini kuhusu rula?

Halafu mtaa wetu nao ukachagua mwenyekiti wa kamati. Wakamchagua Tata Fundi, kwa sababu ya sauti na mwili. Nilifikiri atakataa. Hakukataa. Kwa mara ya kwanza tangu malori yasimame alikuwa na kitu cha kufanya, na kitambaa cha kijani cha kamati kimefungwa mkononi.

Nilimwendea, kichwa kimepanda moto. Nikamwambia, Tata Fundi, hujioni? Mama yako iko nyumba ya ngapi kutoka kwako?

"Aa, Mama Mwalimu," akasema, anatazama chini. "Haina juu yao, hapana. Bale ni bangu, beko bazuri. Ni juu ya bale bengine."

Ndivyo walivyosema wote kwenye kamati. Kila mmoja alikuwa na mtu wake mzuri wa Kasai, jirani, shemeji, mshonaji suti. Wabaya ni wale wengine. Ungewakusanya wazuri wote, usingebaki na mtu wa kufukuza. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa sauti ambayo Mutoshi walisikia.

Kamati haikuwa na mahali pa kukaa. Wakachukua chumba chetu, eti ndicho kinachofaa, si ndimo mnamojua nani ni nani? Siku ya mkutano wakazi wote wa mtaa waliitwa. Mke wa fundi cherehani alikuja, amemshika binti yake mkono, wakasimama mlangoni kwa kuwa ndani kulijaa. Hakuogopa sana. Mwenyekiti ni mwana wa binti yake, waogope nini?

Kando ya Mwenyekiti walikaa vijana waliotumwa kutoka mtaa mwingine, hawatujui. Tata Fundi akasimama, akapiga meza, akatoa sheria kwa sauti ile ya zamani.

"Mutu mwenye baba wa Kasai, ao mama wa Kasai, iende gare! Hakuna kuuliza!"

Gare ni stesheni ya treni. Huko ndiko walikokuwa wakirundikwa, wakingojea mabehewa.

Kijana mmoja, mwembamba, mwenye bidii, alikuwa akisoma ukuta. Watu wasio na adabu husoma kila kitu. Akanyoosha kidole juu. "Mwenyekiti, hii mustari wa kwako, unaenda wapi?"

Tata Karani akasimama kutoka kwenye kiti chake cha pembeni. Mpaka leo sijui kama alifanya kusudi. Ameulizwa swali la ukuta wake, akajibu, kwa utaratibu, rula mkononi. "Kwa maelezo ya Mwenyekiti mwenyewe, mbele ya watu wote, mama yake ni uyu. Na wazazi wa mama yake ni bale. Batu ba Kasai, wote wawili. Kuna alama ya kuuliza, lakini mwenye aliweka ni miye."

Mama yangu! Nilicheka mpaka nikashika meza. Chumba chote kilicheka, hata mzee wa kukodi kule ngazini. "Gare! Mwenyekiti aende gare!" mtu akapaza sauti, na wengine wakaitikia wakipiga miguu. Nikamwona mke wa fundi cherehani naye anacheka, mkono mdomoni, na mtoto anachungulia akijua tu kwamba wanamtaja mwanawe. Kwa muda ule mfupi nilifikiri tumepona. Nilifikiri kicheko kitabeba ile kamati yote na kuitupa nje.

Lakini wale vijana hawakucheka. Yule mwembamba alimtazama Tata Fundi kama anavyotazamwa mtu aliyekamatwa na kitu mfukoni. "Ni kweli, Mwenyekiti? Mama yako ni Mukasai?"

Tata Fundi alikuwa anatoka jasho. Akatazama ukuta. Akatazama kitambaa cha kijani mkononi mwake. Mlangoni hakutazama.

"Ile haina mama yangu," akasema. "Ile ni jina tu."

Kicheko kilikatika. Nasema kilikatika. Hata matusi tunayajua, hata kupigana tunajua, lakini mtu kumkana mama yake akiwa amesimama pale pale, hilo tulikuwa hatujaliona. Mama mmoja alishika kichwa akatoka nje. Mtoto akauliza, kwa sauti ya kawaida, "Mama, mutoto yangu anasema nini?" Mama yake alimbeba, ingawa alikuwa mkubwa wa kubebwa, akaondoka naye.

Baada ya hapo ni nani angewatetea? Aliyeweza alikuwa amekwisha sema. Kesho yake vijana walitupa cherehani njiani, na jirani zangu wakaenda gare na mlango wao kichwani. Ndiyo, mlango. Watu wengi walibeba milango. Huko kwenye jua ndio ulikuwa ukuta, ndio ulikuwa kitanda.

Mke wa Tata Fundi alimfungia chumba. "Mutu anakataa mama yake," alisema, na alisema kwa sauti ili miye nisikie, "mi atanikataa saa ngapi?" Hakumpikia. Nilimwona yule mtu mkubwa amechuchumaa uani anachinja kuku mwenyewe, kwa ubaya, manyoya kila mahali, anaitafuta firigisi kama mtu anayetafuta nati iliyoanguka ndani ya injini. Aliikaanga ikaungua upande mmoja. Akaiweka kwenye ile sahani ya kufunikwa.

Nilikwenda naye gare. Si kwa kumpenda, nilikuwa nawapelekea unga, na nilitaka nimtazame. Aliwapita watu waliolala kwenye changarawe, watu aliowatuma mwenyewe huko, na kila mmoja alimtazama akipita na sahani yake. Mtoto alikuwa ameketi kwenye kivuli cha mlango. Tata Fundi akapiga goti. Akapiga makofi kwa kumsalimu, akasukuma sahani mbele.

"Mama, kula."

Mtoto aliifunua. Aliitazama firigisi, na nilijua ana njaa, macho yalimtoka. Akafunika tena, taratibu.

"Hapana, tata," akasema. "Mi niko jina tu."

Alimwita tata. Kama unavyomwita mtu mzima yeyote unayepishana naye barabarani. Hakusema kwa hasira, wala hakufundishwa. Alikuwa ameambiwa hivyo na mkubwa, akasadiki.

Tata Fundi alirudi na sahani. Nilikuwa nimekusanya maneno ya kumpiga nayo tangu kule nyumbani, makali yote, na sikulipata hata moja.

Asubuhi iliyofuata akarudi. Alivaa suti ile ya Jumamosi, na kitambaa cha kijani mkononi, na sahani. Getini walisimama vijana wa kamati, na yule mwembamba. Tata Fundi hakuwasalimu. Alisimama katikati ya gare, juu ya reli, akaanza kutaja jamaa yake. Sauti yote. Baba, na baba wa baba, mpaka babu wa babu, kama siku ile, watu wakinyanyuka kwenye mikeka kumtazama. Halafu upande wa mama. Akataja jina, lile jina, akanyoosha mkono.

"Mama yangu njo uyu! Wa Kasai! Nilisema bongo mbele ya batu, sasa nasema kweli mbele ya batu. Mama yangu njo uyu!"

Kijana mwembamba alikuja akamvua kitambaa cha kijani. Mwenyekiti hakukizuia, alinyoosha tu mkono kama mtu anayechomwa sindano. "Basi na weye panda treni," kijana akamwambia, na hakuna aliyecheka.

Mtoto alikuwa amesimama. Alimwacha apige goti, apige makofi, afunue sahani. Akaichukua ile firigisi kwa vidole, akaila, polepole, kwa upande ule wenye meno, na watu wote wale wanangoja. Kipande cha mwisho akakitoa mdomoni, akamtia mwanawe mdomoni.

"Iliungua," akasema. "Usilie. Rudia kwako, mutoto yangu, muke yako anakungojea."

Treni iliwachukua juma lile. Tata Fundi alipakia mlango mwenyewe.

Hakupanda. Alitaka, na mama yake alimkataza, na yeye hajawahi kumbishia mama yake ila siku ile moja. Uenyekiti alipewa yule kijana. Wengi waliendelea kuondoka, chumba chetu kikaendelea kujaa watu wanaotafuta babu, na Tata Karani, bila kuniambia neno, akalowesha kidole gumba kwa mate akafuta ile alama ya kuuliza.

Tata Fundi alikuwa akija Jumamosi na kukaa tu, mikono juu ya magoti. Siku moja mzee wa kukodi alimwonea huruma. Aliinuka kutoka ngazini, akamwinamia, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba kwa hali hii ya sasa si vizuri mtu kujulikana ana mama wa kule, na kwamba yeye ana dada yake mzee, mwanamke wa papa hapa, safi, ambaye kwa samaki mkavu tu angeweza kuwa mama yake mbele ya kamati yoyote.

Tata Fundi alimshika mzee mkono, kwa heshima, mikono miwili.

"Aksanti, tata," akasema, na alisema kwa sauti ya kusikika mpaka nje. "Mi niko na wangu. Iko Kasai."